Kuuza nyumba Mwanza: dalali wa mtaani, ofisi ya uwakala, au mwenyewe?

Mtu akitaka kuuza nyumba, swali lake la kwanza huwa ni asilimia. Dalali anachukua ngapi, ofisi inachukua ngapi, nikiuza mwenyewe nitaokoa ngapi. Hela ni hela, simlaumu. Ila kwa nyumba za hapa Mwanza hilo ni swali la tatu. La kwanza ni nyumba ina karatasi gani. La pili ni nani hasa atakayeinunua. Ukishajibu hayo mawili utajua nani wa kukuuzia, na mara nyingi hatakuwa yule uliyemfikiria.

Chukua nyumba tatu ambazo mkazi yeyote wa jiji hili anaweza kuzichora kichwani. Ya kwanza iko Kiseke: kiwanja kimepimwa, hati ipo, uzio umekamilika, gari linaingia mpaka mlangoni. Ya pili iko mlimani Mabatini, imekaa juu ya jiwe, unaifikia kwa ngazi, na karatasi yake ni mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa miaka mingi iliyopita. Ya tatu iko Malimbe, jirani na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ina nyumba kubwa mbele na safu ya vyumba vya wanafunzi uani.

Wanunuzi wa nyumba hizi hawakutani. Wa Kiseke anaweza kuwa mtumishi anayekopa benki, na benki itataka hati, mthamini na wakili kabla haijatoa shilingi. Wa Mabatini ni jirani, au ndugu wa jirani, au mfanyabiashara wa sokoni ambaye hataki kupanda daladala asubuhi. Analipa taslimu, pengine kwa awamu. Wa Malimbe haji kuangalia sebule. Anahesabu milango ya uani na kuzidisha kwa kodi.

Njia tatu kwa ufupi

| | Dalali wa mtaani | Ofisi ya uwakala | Mwenyewe |
|---|---|---|---|
| Malipo | Asilimia 5 hadi 10 ndizo zinazotajwa zaidi, zinajadilika. Au "cha juu", yaani kinachozidi bei unayoitaka wewe | Asilimia iliyoandikwa kwenye mkataba, wakati mwingine na gharama za matangazo | Hakuna kamisheni. Kuna muda wako, vocha na wakili |
| Anawajua nani | Watu wa mtaa na kata, wapangaji, bodaboda, madalali wenzake | Waajiriwa, wanaokopa benki, walioko Dar es Salaam au nje ya nchi | Majirani, ndugu, watu wa kazini na kanisani au msikitini |
| Karatasi | Mara nyingi anakuachia wewe | Nzuri inazikagua kabla ya kutangaza | Zote juu yako |
| Panapouma | Bei inapandishwa bila wewe kujua | Unafungwa na mkataba huku nyumba imelala | Hujui bei, na unajikuta na wageni nyumbani kila siku |

Jedwali linafanya mambo yaonekane sawasawa. Hayako sawa, na safu inayohitaji maneno mengi ni ya dalali.

Dalali, na neno "mkononi"

Watu wanawasema vibaya madalali, na sababu zipo. Lakini dalali mzuri anajua mambo ambayo hakuna ofisi inayoyajua: nani amehamishiwa kikazi kutoka Geita na anatafuta nyumba kabla shule hazijafunguliwa, mpangaji gani wa Buzuruga amelipwa mafao yake, familia ipi imegawana urithi na kaka mkubwa anataka fungu lake liwe nyumba. Anashinda kijiweni, simu yake haizimwi. Kwa nyumba ya Mabatini, huyo ndiye soko lenyewe. Hakuna tangazo la picha nzuri litakalomfikia mnunuzi wa mlimani kuliko mtu anayepanda ngazi zile kila siku.

Shida inaanzia kwenye mazungumzo ya dakika moja. Dalali anafika, anazunguka nyumba, anagonga mlango wa mninga kwa vidole kusikia kama ni mbao kweli, kisha anauliza:

"Sasa mama, wewe unataka shilingi ngapi mkononi?"

"Themanini."

"Themanini yako isiguswe?"

"Isiguswe, mwanangu."

"Basi niachie."

Mama anaona amejilinda. Kumbe hapo ndipo alipomkabidhi dalali haki ya kupanga bei. Milioni 80 ni zake, kinachozidi ni cha juu, na cha juu hakina mwisho. Dalali wa kwanza anawaambia wenzake wawili, kila mmoja anaongeza chake, na kwa juma moja nyumba ileile inatajwa kwa 95, kwa 100 na kwa 110. Mnunuzi akisikia bei tatu za nyumba moja hasemi kwamba madalali wana tamaa. Anasema hapa pana utapeli, anaondoka.

Piga hesabu uone. Tuseme nyumba imeuzwa milioni 95. Kwa kamisheni ya asilimia 5, dalali anapata 4,750,000 na mama anabaki na 90,250,000. Kwa asilimia 10, ambayo watu wanaiogopa, dalali anapata 9,500,000 na mama 85,500,000. Kwa "mkononi", mama anapata 80 na dalali 15. Yule aliyeonekana hachukui chochote ndiye ghali kuliko wote.

Na bado kodi haijaingia. Kodi ya faida ya mauzo ya nyumba, kwa mkazi wa Tanzania, ni asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama za kununua, kujenga na kuboresha zinazothibitika. Inalipwa kabla umiliki haujahamishwa. Mkataba ukiandikwa milioni 95, faida inahesabiwa kutoka 95, na ile 15 ambayo mama hakuiona inaweza kumtoza milioni moja na nusu. Ukiandikwa 80, mnunuzi amelipa 15 isiyo na karatasi, na siku akiuza yeye itamgeukia. Juu ya hayo, wote wawili wametia saini bei isiyo ya kweli. Mnunuzi aliyekuja na wakili hawezi kukubali hilo, kwa hiyo cha juu kinakufukuzia wanunuzi walewale uliokuwa unawataka.

Kwa hiyo ukimtumia dalali, mwambie bei ya kutangaza na asilimia yake, na umwambie kwamba utakuwepo wewe na mnunuzi bei ikikubaliwa. Andikeni. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha: majina, namba za vitambulisho, bei ya kuanzia, asilimia, atalipwa lini, na makubaliano yanaisha lini. Kisha kila mtu anayemleta, andika jina na tarehe, naye atie saini. Orodha hiyo ndiyo itakayokuokoa siku madalali wawili watakaposimama getini kwako, kila mmoja akiapa kwamba mteja ni wake.

Kuna jambo jingine dogo linaloharibu. Madalali wengi wanamtoza mnunuzi ada ya kuonyeshwa, auze asiuze. Dalali wa namna hiyo anakula kwa miguu ya watu, na nyumba yako inageuka kituo cha maonyesho: leo watano, kesho wanne, hakuna hata mmoja mwenye uwezo. Ukiona wanaoletwa hawaulizi kuhusu karatasi wala maji, ujue mchezo ni huo. Mwombe alete wachache aliokwisha kuwauliza kama hela ipo.

Ofisi ya uwakala

Kuwa na ofisi, kompyuta na kadi ya jina si ushahidi wa chochote. Uliza usajili wa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN, na leseni ya biashara ya Jiji au ya Manispaa ya Ilemela, kisha uliza nani atakayekaa na faili lako. Wathamini wana sheria yao, ya 2016, na wana usajili; mtu akikwambia yeye ni "mthamini pia", mwambie akuonyeshe. Wanaouza nyumba za watu wengine ni kundi pana, wamo wa kuaminika na wamo waliohamia kutoka biashara ya simu mwezi uliopita.

Faida ya ofisi nzuri inaonekana kwa nyumba kama ya Kiseke. Inapiga picha mchana, inaandika vipimo vya kiwanja, inafanya upekuzi wa hati ofisi ya ardhi kabla mnunuzi hajaomba, na inaweza kuongea na afisa mikopo wa benki bila kubabaika. Kwa mnunuzi aliye Dar es Salaam au Dubai, ofisi yenye risiti na anuani ni kitu kikubwa, maana hatakuja kukaa kijiweni Nyakato kuulizia nani mkweli.

Ubaya wake ni mkataba wa wakala mmoja. Ofisi nyingi zitakuomba usimpe mtu mwingine yeyote nyumba hiyo, na si ombi la ajabu, kwani zinatumia hela kutangaza. Mimi ningekubali kwa miezi mitatu, si mwaka, na ningeandika kwamba nikimpata mnunuzi mwenyewe, ndugu au jirani, kamisheni haidaiwi. Wakikataa sharti hilo la pili, hao wanataka kulipwa kwa kazi ya jirani yako. Soma pia kipengele cha matangazo: kama unalipia, ujue ni shilingi ngapi na yanatoka wapi.

Kuuza mwenyewe

Watu wanaidharau njia hii, ila kwa nyumba fulani ndiyo bora kuliko zote. Kabla hujamwita yeyote, gonga mlango wa kulia na wa kushoto. Jirani anajua mpaka wa kiwanja, anajua maji yanaingia wapi mvua ikinyesha, hana haja ya kuonyeshwa. Na mara nyingi amekuwa akikitamani kiwanja chako kwa miaka ili mwanawe ajenge karibu. Kwa mlimani, ambako njia ya kupita ni ngazi ya pamoja, jirani atalipa vizuri kuliko mgeni anayelinganisha na Buswelu.

Mpangaji wako pia ni mnunuzi. Umemuuliza?

Panapouma ni bei. Mwenye nyumba anaanza na alichotumia kujenga, anaongeza uchungu wake, anafika kwenye namba isiyouzika. Mlipe mthamini aliyesajiliwa mapema. Kwa nyumba yenye hati, ripoti ya uthamini itahitajika vyovyote vile wakati wa kuhamisha umiliki, na huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, kwa hiyo si hela ya kutupa. Na usichukue bei ya kata nyingine. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kila muuzaji wa upande wa Usagara alipata hoja ya kuongeza bei, na sawa, wao wako barabarani. Wewe wa Igoma daraja halikuhusu.

Kwenye picha za nyumba usiweke hati. Narudia kwa sababu naziona kila wiki kwenye makundi ya WhatsApp: mtu anapiga picha hati yake yote, namba, ramani na jina, anaitupa huko "kuthibitisha". Tapeli hahitaji zaidi ya hapo. Zile kuta zilizoandikwa kwa rangi nyekundu "NYUMBA HII HAIUZWI" hazikuandikwa kwa mapambo. Mnunuzi makini mpe kopi, aende kufanya upekuzi mwenyewe. Hati halisi ikae kwa wakili au benki mpaka siku ya kumalizana.

Kuiandaa: karatasi kabla ya rangi

Ukiwa na milioni mbili za kuiandaa nyumba, watu watakwambia upake rangi. Mimi nasema zianzie kwenye faili.

Nyumba ya familia inahitaji ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, haimruhusu mume wala mke kuuza nyumba ya ndoa bila mwenzake kukubali, hata kama jina kwenye hati ni la mmoja. Mnunuzi mwenye akili ataomba ridhaa hiyo kwa maandishi, na asiyeomba anakuletea kesi. Kama mwenye nyumba amefariki, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo kinasaidia sana kupata amani, lakini hakiuzi nyumba. Kama kuna mkopo, rehani iondolewe au benki ihusishwe tangu mwanzo.

Kisha madeni. Kodi ya pango la ardhi isiyolipwa itasimamisha uhamisho, na nimeona watu wakiijua siku mnunuzi ameshika hela. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo angalia mita, hasa kama nyumba ina mita mbili au ya uani imesajiliwa kwa jina la mpangaji wa zamani. Bili ya maji ya MWAUWASA nayo imalizwe.

Kwa nyumba isiyo na hati, uliza kama mtaa wako umepitiwa na urasimishaji, yaani kupima viwanja vilivyokwisha kujengwa ili wenyewe wapate hati. Kama upimaji umekwisha na kilichobaki ni kulipia na kufuatilia hati, basi fuatilia. Nyumba ya Mabatini yenye hati na nyumba ileile yenye muhuri wa mtaa ni bidhaa mbili, maana ya kwanza inaweza kununuliwa na mtu anayekopa. Kama urasimishaji haujafika, usidanganye. Sema ni mkataba wa mauziano, leta majirani wa mipaka minne washuhudie, andikeni mbele ya wakili. Na mwenyekiti akikudai asilimia 10 ya mauzo kwa kugonga muhuri, jua kwamba haina msingi wa kisheria. Mpe heshima yake, omba huduma yake, na umwombe kifungu kinachomruhusu.

Sasa nyumba yenyewe. Mtazame mnunuzi wa kweli anavyoingia. Mara nyingi sebule anaipita. Anafungua bomba la jikoni na kusubiri, anauliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki na tangi ni la lita ngapi. Anaangalia juu: doa la kahawia kwenye jipsamu, upande wa bafuni, anaelewa bati linavuja. Anashuka na macho ukutani hadi chini, palipovimba rangi na kutoa unga mweupe, anaukwangua kwa ukucha. Anatoka nje, anauliza shimo la choo liko wapi, anakanyaga mfuniko. Ndipo anarudi na kusema, "Nyumba nzuri, ila bei..." Rangi mpya juu ya ule unga mweupe haidumu msimu, na ikinuka bado mbichi mnunuzi anajua kuna kitu kimefichwa.

Kwa hiyo kati ya rangi na fundi bomba, chagua fundi bomba. Kati ya rangi na bati, chagua bati. Mtaro unaopeleka maji ya mlimani mbali na msingi unauza kuliko marumaru mpya, na kwa mji huu wa mawe na miteremko sijui kwa nini watu hawaujali. Ikibaki hela, paka rangi mbele na kwenye geti, toa utando wa buibui kwenye taa za nje, ambao hapa ziwani unajaa wale wadudu wadogo kwa wiki moja tu, ondoa gari bovu na matofali yaliyobaki. Pagale usilimalizie kwa ajili ya kuuza. Mnunuzi wa pagale anataka kuchagua madirisha yake.

Jiwe kubwa katikati ya kiwanja lisikutie aibu. Wenyeji wanajua gharama ya kulipasua, kwa hiyo litaje mapema na uonyeshe kinachobaki cha kujengea. Wengine wanalipenda.

Iwe tupu au na wapangaji?

Malimbe, waache. Mnunuzi wa vyumba vya wanafunzi ananunua kipato, na mlango uliofungwa kwake ni hasara. Muandalie daftari la kodi, mikataba, na orodha ya nani amelipa mpaka lini, kwa sababu kodi hapa inalipwa miezi mitatu, sita, hata mwaka mbele, na hiyo hela uliyokwisha kula mnunuzi ataidai ipunguzwe kwenye bei. Bora uitaje wewe kuliko aambiwe na mwanafunzi.

Kiseke, ningependa iwe tupu, au mwenyewe uwe bado unaishi humo. Familia inayonunua inataka tarehe ya kuhamia. Mpangaji asiyetaka kuondoka anaweza kuipaka nyumba matope kwa neno moja tu akimwambia mgeni pembeni, "Hapa maji ni shida." Mpe taarifa ya maandishi mapema na mrudishie kodi iliyobaki. Nyumba tupu nayo ina gharama yake, mlinzi, kwani bila mtu ndani utakuta koki na nyaya zimekwenda.

Kama nyumba iko ufukweni

Hapa sitachagua dalali wala ofisi kabla ya kupima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Nyumba za Luchelele au Igombe zinazotangazwa "maji yako mlangoni" zinatangaza kosa lenyewe. Na ziwa halikai mahali pamoja: lilipopanda 2020, na tena 2024, mipaka iliyokuwa nchi kavu ililala majini. Mwite mpima ardhi, upate umbali kwa maandishi. Mnunuzi wa ufukweni kwa kawaida ana hela na ana wakili, na wakili huyo ataupima hata kama wewe hukuupima.

Mnunuzi akiwa si raia wa Tanzania, hawezi kumilikishwa ardhi kama raia. Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa nafasi kwa ajili ya uwekezaji, kupitia taratibu za uwekezaji. Akikupendekezea aandike jina la rafiki yake Mtanzania, mrudishe kwa wakili wako.

Ningempa nani?

Kiseke: ofisi, miezi mitatu, na sharti la jirani. Ikishindwa, madalali wawili wa Ilemela wenye makubaliano ya maandishi, kwa bei moja.

Mabatini: majirani kwanza kwa wiki kadhaa, kisha dalali mmoja wa mtaa huohuo, kwa asilimia, si kwa cha juu. Ofisi ningeiacha. Kazi ya urasimishaji ningeifanya kabla ya yote hayo kama mlango uko wazi.

Malimbe: mwenyewe, kwa daftari la kodi. Wenye hosteli wanajuana, na anayemiliki vyumba kumi na viwili jirani anataka ishirini. Akikosekana, ofisi.

Kote, wakili ni wako, si wa dalali. Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi, hela ipite benki, na kwa nyumba ya hati fomu za uhamisho ziandaliwe siku hiyohiyo ya kutia saini. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa mazoea hulipwa na mnunuzi. Kodi ya faida ni yako. Kama ni nyumba uliyoimiliki miaka mitatu au zaidi na umeishi humo miaka mitatu kwa jumla, faida isiyozidi milioni 15 haitozwi. Tafuta risiti za saruji na bati, hata zilizofifia, zipige kopi leo.

Limebaki suala la lini kamisheni itoke. Dalali ataitaka siku mnunuzi anapotoa malipo ya kwanza, na mnunuzi wa awamu anaweza kuishia hapohapo. Ilipwe kwa awamu zilezile: mnunuzi akitoa nusu, dalali apate nusu ya chake, na salio siku ya mwisho. Ofisi hukubali ikiombwa kabla ya kusaini. Dalali wa mtaani atanung'unika, atasema ana watoto wa shule, kisha atakubali, na kuanzia hapo atampigia mnunuzi simu kila asubuhi kumkumbusha awamu ya pili.